Bwawa la Watu wa Jumapili

Kiangazi cha 2014 kilipokaza, mabomba ya mtaa wa Mariette huko Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, yalikauka. Maji yalikuwepo mlimani, ndani ya bwawa, lakini meneja wa bwawa alikuwa ameifunga koki kubwa ili yasipungue. Kila Jumapili watu wa mji wa Mbarara walikuja humo kuogelea na kupiga makasia.

Watu wa mtaani walikunywa maji ya kinamasi. Appolinaire, mume wa Mariette, akaanza kuhara. Kufikia Jumapili asubuhi hakuweza hata kukaa. Mariette na jirani yake Nehemiya walimfunga kwenye baiskeli kwa kitenge, wakamsukuma hadi juu, wakamlaza mbele ya geti la bwawa.

Mlinzi, Rwakabuba, alitoka mbio. "Mama, hapa hapana hospitali."

"Najua," Mariette alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Fungulia batu maji, ndugu. Tunakunywa potopoto, matope ya kinamasi."

"Mimi ni wa kazi tu. Meneja alikataa."

"Basi bwana yangu atafia hapa. Bageni yako bataogelea huku banamuona."

Rwakabuba alimtazama mgonjwa, midomo iliyopasuka, macho yaliyozama. Akaleta maji kwenye kikombe chake, akamwinua kichwa. Appolinaire alimeza kidogo, akatapika. Mlinzi akaondoka. Mariette alidhani amekwenda kuita polisi, mpaka aliposikia bomba kubwa likinguruma chini ya miguu yake.

Wageni walipofika, maji yalikuwa yameshuka na ukingo ulikuwa tope tupu. Meneja akaifunga koki mwenyewe na kumfukuza Rwakabuba papo hapo. Mgeni mmoja, mwanamke aliyeitwa Musoni, hakuteremsha hata kikapu chake cha chakula. "Mwingizeni kwenye gari," alisema.

Mariette alikaa nyuma, kichwa cha mumewe mapajani. Walipopita kijiji cha Masha alihisi mkono wa Appolinaire umelegea. Aliendelea kumwita, na Musoni akaendelea kukanyaga mafuta, hadi Ruti, ukingoni mwa Mbarara, walipoona nguzo za taa za barabarani za mji. Hapo ndipo Mariette alipomwomba ageuze gari.

Mtaani mabomba yalikuwa makavu tena, na nyumbani hapakuwa na maji hata ya kumwoshea maiti. Alikaa kizingitini, hajui aanzie wapi. Nyiransengimana, jirani wa mlango wa pili, akaja na nusu ndoo ya maji aliyoyakinga asubuhi ile, Rwakabuba alipofungua koki. Nyuma yake alikuja mwingine na sufuria, kisha mwingine.