Mikanda ya Dolly

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, vijana wa kijiji chetu, huko Ohio, Marekani, waliingia wote kikosi kimoja cha mizinga, na farasi wa kuivuta tuliwatoa sisi mashambani. Mume wangu Lyman alimpanda Dolly, farasi jike wa Mzee Pruitt. Mwana wa mzee huyo, Jotham, alikuwa mpakiaji wa mzinga uleule. Mikanda ya ngozi ya kumfunga Dolly kwenye mzinga niliishona mimi. Baba yangu alikuwa fundi wa ngozi.

Jumamosi moja Lyman akarudi peke yake juu ya Dolly. Akasema kombora la waasi liliwamaliza wenzake na kukata mikanda, yeye kanusurika, kapewa ruhusa apumzike. Kijiji kizima kililia.

Mimi ndiye niliyemvua Dolly ile mikanda. Kombora huchana ngozi, jamani. Hii ilikatwa kwa kisu, nadhifu, kulia na kushoto. Nikamwuliza kama ni yeye aliyeikata ili akimbie na farasi.

"Nyamaza, mke wangu," akasema. "Wamekufa wote. Nani ataniuliza?"

Aibu iliniwaka usoni mpaka masikioni. Huyu ndiye niliyekuwa nikimwombea kila jioni!

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, wanawake walipanga vyakula nje ya kanisa: nyama ya nguruwe, maharage, mikate ya tufaha. Lyman akakalishwa mbele.

"Kula, shemeji," dada yangu akamtania. "Umekonda hivyo, ndiyo maana waasi wamekukosa."

Watu wakacheka. Naye akacheka, mdomo umejaa.

Mzee Pruitt akasimama, kofia mkononi. "Lyman, mwanangu, Dolly nakupa. Jotham angependa awe wako."

Nilimtazama mume wangu. Nilidhani atakataa, hata kwa kisingizio tu. Akafuta mdomo. "Asante, mzee. Nitamtunza."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nyumba yetu iko ng'ambo ya barabara. Nikaenda, nikarudi na mikanda, nikaiweka mbele ya mzee. Mzee amefuga farasi maisha yake yote. Alipitisha kidole kwenye ile ngozi, upande mmoja, kisha wa pili.

"Jotham alikuwa hai?" akauliza.

Lyman aliinamia sahani. "Alikuwa anasukuma gurudumu la mzinga," akasema kwa sauti ndogo. "Alidhani nageuza farasi."

Mzee Pruitt akavaa kofia, akamfungua Dolly aliyefungwa kando ya kanisa, wakaondoka wakitembea, asimpande. Wanawake wakaanza kukusanya vyombo vyao. Mama Jotham akachukua ile sahani mbele ya Lyman, chakula kikiwa bado kimo, akamwagia kuku wa mchungaji. Dada yangu alinipita kana kwamba hanijui. Sikumlaumu.

"Orpha," Lyman akaniambia tulipobaki wawili, "umeniaibisha mbele za watu."

Nikachukua shali yangu, nikamfuata nyumbani. Kwetu ni chumba kimoja na kitanda kimoja, na sikuwa na pengine pa kwenda.