Arobaini ya Basi la Bukovo

Jumatatu wanawake wa zamu ya asubuhi walipotoka kiwanda cha soksi, walikuta mahali basi lao lilipozoea kusimama pamepakwa rangi ya kijani. Nguzo mbili nyeupe zilikuwa zimesimama pale, kila moja na waya mnene ulioning'inia ubavuni. Bango lilisema: Mfanyakazi mwenzetu, chaji gari lako hapa. Basi halikuja. Mlinzi akawaambia kuwa limefutwa, kwa sababu kiwanda kimepata ruzuku ya usafiri safi na basi lile lilikuwa likitoa moshi.

"Safi kwa nani?" aliuliza Zhechka, mshona vidole vya soksi. "Mimi nina punda tu, na sijaona pa kumchomeka."

Wakacheka. Stanimira hakucheka, alikuwa ameshaanza kutembea. Kijiji chao, Bukovo, kilikuwa mwisho wa njia, baada ya vijiji vya Lipnitsa na Gorno Pole, kupanda mlima mtupu. Nyumbani mumewe, Gencho, alikuwa kitandani tangu apooze upande mmoja. Jirani yao, Bibi Kuna, alikuwa akikaa naye mpaka wakati wa kukamua mbuzi, kisha anaondoka, maana mbuzi ni wake na Gencho si wake. Siku moja Gencho alipoachwa peke yake alijaribu kuinuka, akakutwa sakafuni, shavu limegandana na vigae. Likitokea tena, Stanimira angelazimika kuacha kazi, na pale bondeni hapakuwa na kazi nyingine.

Gari la umeme kiwandani lilikuwa moja, la mkurugenzi, Injinia Vatev. Nguzo ya pili ilikuwa ya wageni.

Zhechka akaliandikia basi tangazo la kifo, lenye fremu nyeusi na picha, akalibandika kwenye nguzo ya kwanza. Lilisema: Kwa huzuni tunawatangazia kuondokewa na basi letu la Bukovo. Lilikohoa sana lakini halikumwacha mtu njiani. Wafiwa: zamu ya asubuhi. Ulikuwa utani. Lakini tangazo likishabandikwa, arobaini haina budi kufanywa, na kati yao hapakuwa na aliyejua kuifanya nusunusu. Siku ilipofika Zhechka alileta ngano ya kuchemsha yenye sukari, chakula cha arobaini, wakagawana kwenye vikombe vya plastiki. Stanimira alileta chupa ya mvinyo, wa mwisho aliousindika Gencho akiwa mzima.

"Mungu na alisamehe," walisema, wakamwaga mvinyo chini kama inavyomwagwa kwa marehemu yeyote. Ukatiririka hadi kwenye shina la nguzo, ukazama kwenye ufa unakopitia waya.

Alasiri hiyo Injinia Vatev alichomoa gari lake, akakata kushoto kuelekea mjini. Gari likakata kulia. Lilipanda barabara ya Lipnitsa kwa mwendo wa basi, likasimama kituoni na kufungua milango yote minne. Wanawake waliokuwa wakitembea walilifikia, wakapanda.

"Nani anakaa mbele?" aliuliza Stanimira.

"Mwenye miguu iliyovimba," alisema Zhechka. "Sogea, shoga. Habari za jioni, bosi. Hicho kikoti chako nikikalie au ukishike?"

Vatev alikishika. Usukani ulizunguka wenyewe mbele yake. Gari lilisimama kila kituo, hata mahali kituo kilipong'olewa, na kila kituo lilingoja muda ule ule ambao basi lilikuwa likingoja, mtu apate kupandisha magunia yake ya pilipili. Huko Bukovo gari liligeuka kwenye kisima, likatulia hadi saa ya basi kurudi bondeni.

Fundi wa magari alilipima siku mbili, akasema ni zima kabisa.

"Unalichaji wapi?"

"Kazini."

"Basi litakuwa limezoea njia," alisema fundi.

Kulichaji kwingine hakukuwezekana. Nguzo zisipotumika, ruzuku ingetakiwa irudishwe, na gari lenyewe lilikuwa hilo moja.

Stanimira sasa alifika nyumbani wakati Bibi Kuna bado anatafuta ndoo yake ya kukamulia. Hata hivyo hakutulia. Ndani ya gari alikaa ukingoni mwa kiti, goti likicheza, akitazama mkono wa mkurugenzi ulioshika usukani bila kazi. Siku moja akasema:

"Bosi, ukiturudishia basi, nadhani gari lako litakuacha uende kwako."

"Nimekuelewa, Bi Stanimira. Tutaliangalia."

"Lini?"

"Tutaliangalia tu."

"Hata Gencho anaangalia," alisema Zhechka toka nyuma, "na hawezi kunyanyuka."

Vatev alicheka kidogo. Wiki iliyofuata alimwita mpiga picha. Wanawake walipigwa picha wakiwa wamebanana ndani ya gari, na picha ikatumwa kwa watoa ruzuku kuonyesha kwamba wafanyakazi wanasafiri kwa umeme. Watoa ruzuku walipongeza. Baada ya pongezi, suala la basi likaondolewa kwenye mazungumzo, na Vatev, aliyekwisha kuchoka na harufu ya pilipili, akarudi kwa fundi.

Kusimama vituoni fundi hakuweza kulizuia. Milango aliweza kuifunga.

Stanimira alilikuta gari Lipnitsa, kituoni, limesimama. Alishika kitasa, hakikufunguka. Ndani, Vatev alikuwa akisoma kwenye simu. Stanimira aligonga kioo. Vatev akainua kiganja kama mtu anayeomba radhi, akarudi kwenye simu. Muda wa magunia ulipoisha, gari likaondoka. Alilifuata kwa haraka, nusu anakimbia. Zhechka alimwita toka nyuma, "Utajiua, mwanamke!" Hakugeuka. Alipokaribia kituo cha Gorno Pole, gari lilikuwa linaondoka.

Bukovo alilikuta kisimani, limegeuka, likingoja saa ya kurudi. Mkurugenzi alikuwa anakula mkate wenye jibini, leso imetandikwa magotini. Akateremsha kioo upana wa kidole.

"Jioni njema, Bi Stanimira."

"Na kwako, bosi."

Kioo kikapanda.

Nyumbani palikuwa giza. Huko ng'ambo ya ua mbuzi wa Bibi Kuna walikuwa wameshanyamaza. Stanimira aliwasha taa ya jikoni. Gencho alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda na dirisha, macho wazi. Stanimira alipiga magoti, akapitisha mikono chini ya makwapa yake.

"Nimeliona gari likifika kisimani," Gencho alisema kwa ule upande wa mdomo uliobaki. "Nikataka nikufungulie mlango."