Binti Aliyechangamka

Mwaka ule Wadachi walipofikisha reli Morogoro, Bi Hidaya wa Mwembesongo alimtuma mshenga kijijini Kinole, mlimani, akamposee mwanawe Rehani mke. Mshenga, mzee Maneno, alirudi na jibu fupi.

"Posa wameipokea. Nilipouliza habari za binti, shangazi yake alisema, Mwajuma amechangamka."

"Amechangamka vipi?"

"Sikuuliza."

Neno hilo likamkera Bi Hidaya. Pale mjini, reli ilivyoleta wageni, msichana akiitwa mchangamfu wengine walimsifu, wengine waliguna. Rehani alisema yeye limempendeza. Mama yake hakutulia. Kulipokucha alijifunga kanga, akapanda mlima kulifuata neno kwa aliyelitamka.

Alimkuta shangazi, Bi Pili, jikoni, ameinjika chungu cha maji. Msichana mwembamba alimwamkia, "Shikamoo, mama," akampokea mzigo, kisha akatoka kwenda kuchuma machungwa.

"Bi Pili, sikuja kuvunja posa," alisema Bi Hidaya. "Ulisema binti amechangamka. Ulikuwa na maana gani?"

Bi Pili alifunua chungu. "Hebu tazama."

Vipovu vidogo vilikuwa vikitoka chini, kimoja kimoja, vikipanda juu.

"Maji haya hayajachemka, lakini si baridi tena. Sisi hapa nyumbani tunasema yamechangamka. Mwajuma alilala na homa masika yote. Hali chakula, hasemi. Nikimgusa miguu, baridi. Asubuhi moja akaomba ndizi. Mshenga wako alinikuta katika furaha hiyo."

Njia nzima Bi Hidaya alikuwa akiwaza ulimi wa binti; maradhi hayakumpitia akilini.

Mwajuma aliporudi, mgeni alimuuliza, "Wanasema umechangamka. Mwenyewe waonaje?"

"Sijui, mama. Wao ndio waliokuwa wakinitazama. Mimi nilisikia njaa tu." Akacheka mpaka akakohoa, akashika nguzo ya mlango.

Bi Hidaya akamkalisha kando yake. Akamenya chungwa, akampa kipande baada ya kipande mpaka likaisha.

"Posa iko palepale," alimwambia Bi Pili. "Ila arusi ingoje apate nguvu."

"Na Rehani atangoja?"

"Atangoja. Nitamweleza."

Mvua ikaanza kunyesha, Bi Hidaya akalala kwao. Jioni ile Mwajuma alikula ugali, akaongeza. Arusi ilifungwa mwaka uliofuata, baada ya mavuno.