Mlio wa Ngazi ya Nne

Usiku wa kuamkia Ijumaa niliota nyumba imekuja kunipigia hodi.

Nasema nyumba yenyewe, namba ishirini na saba, ya matofali mekundu, na kibustani chake cha nyuma imekibeba mgongoni. Imesimama barabarani mbele ya chumba tulichopanga hapa Derby, imeinama kidogo ili dirisha lake la sebuleni lilingane na uso wangu.

"Hiza," inaniambia, "unaninunua au huninunui? Leo ndiyo Ijumaa."

Moyo unaniruka kwa furaha. Wiki kumi na tatu mimi na mke wangu Tunu tunaingoja nyumba hii. Mwenye chumba chetu anakitaka chumba chake mwisho wa mwezi. Tunu ameshachagua pa kupanda mchicha. Na Shangazi Mwanakombo, fundi cherehani wa Muheza, alipotumiwa picha tu aliyakadiria madirisha kwa jicho, akashona mapazia ya zambarau yenye marinda, akayatuma kwa ndege, halafu akautangazia mtaa mzima kwamba mtoto wa kaka yake ana nyumba Uingereza. Mapazia yako chini ya kitanda. Kilichokuwa kimebaki ni nyumba.

"Nimeshakununua," naijibu. "Mwenye nyumba, Gareth, alikubali bei. Tulipeana mikono. Tukanywa na chai, mke wangu shahidi."

"Chai gani?"

"Ya maziwa."

Nyumba inatikisa paa. "Chai haifungi. Huku neno la mdomo juu ya nyumba ni upepo. Mpaka kila mmoja wenu asaini mkataba wake na mikataba hiyo miwili ibadilishane, Gareth anaweza kuniuza kwa mwingine hata sasa hivi, na wewe unaweza kunikimbia. Hakuna wa kumlaumu mwenzake."

Nilitaka kubishana. Kwetu watu wakishakubaliana bei mbele ya shahidi na chai ikanyweka, anayegeuka ndiye atakayetafuta mtaa mwingine wa kuishi. Ndiyo maana nilimruhusu shangazi atangaze. Lakini kabla sijafungua mdomo nikaona kwenye dirisha la juu mtu anatembeza futi kamba. Hana uso. Mahali pa uso pamebandikwa karatasi: Mnunuzi Mwingine.

"Huyo anafanya nini ndani yako?"

"Anapima mapazia. Gareth amesema atakungoja mpaka saa sita mchana. Ikipita, ni yeye."

Mapazia! Nilitoka mbio na nguo za kulalia.

Wakili wetu ni Bi Pritchard, mama mpole mwenye ofisi juu ya duka la miwani. Ndotoni alikuwa sanduku la posta, lile jekundu la chuma, lililochimbiwa pembeni mwa barabara. Nilimwamkia, hakuitika. Nikakumbuka kwamba hapokei ila maandishi. Nikaandika "Habari za asubuhi" kwenye karatasi, nikaitumbukiza. Baada ya muda akatema barua.

"Mpendwa Bwana Hiza. Tumepokea habari zako za asubuhi. Tunazifanyia kazi."

Nikaandika: "Mikataba inabadilishana lini?"

"Akishamaliza mkaguzi."

Mkaguzi akawa amefika. Ni mrefu, ana ngazi begani na kile kipimo cha daktari cha kusikilizia mapigo ya moyo. Anakibandika kwenye ukuta wa nyumba. "Kohoa," anaiamuru. Nyumba inakohoa. Kwenye bomba la moshi anatoka njiwa, anaomba radhi, anaondoka zake.

"Unyevu kidogo kifuani," anasema mkaguzi. "Kwa umri wake si haba." Halafu anaandika kurasa arobaini, na kila ukurasa una neno "huenda" mara sita.

Lami ikapasuka, akachomoza fuko, yule mnyama wa kuchimba mashimo, mwenye kofia ya mgodini. "Nimetumwa kupekua chini," anasema. "Migodi ya makaa haipo. Bomba la maji machafu lipo, linakusalimu. Kanisa la karibu lilikuwa na haki, kwa sheria ya tangu enzi za wafalme, kukulazimisha utengeneze paa lake. Limekuangalia likakuhurumia."

"Liambie limefanya vyema!" Nilimshika fuko mkono, nikauchezesha mpaka kofia ikamwanguka. Nikaandika kwa herufi kubwa: "TAYARI?"

"Tayari," likajibu sanduku, "isipokuwa mnyororo."

Hapo barabara ikainuka upande mmoja, ikawa kilima.

Kilima kizima kimepangwa makochi, moja juu ya jingine kama viti vya uwanja wa mpira. Kwenye kochi la kwanza wamekaa Gareth na mkewe, wamepakata birika la umeme na taa ya kitandani. Vitu vyao vyote vimefungwa kwenye maboksi.

"Gareth, ndugu yangu, nyanyuka," nikamwambia. "Saa tatu na nusu sasa."

"Siwezi," anasema Gareth, na kweli uso wake una huzuni. "Nikikuachia yangu kabla sijaipata ninayonunua, nitalala wapi? Namngoja huyo wa juu. Kuhama ni siku moja, wote."

Wa juu yake ni mapacha wawili wenye kinanda. Wanamngoja wa juu yao. Huyo wa juu yao ni mwalimu mwenye kobe. Kobe naye amefunga mizigo. Mwalimu anamngoja wa juu yake. Wote wamekaa wima, mikono magotini, wakitazama kisogo cha mwenzao.

"Wa juu kabisa ni nani?" nikauliza.

"Bibi mmoja," alisema kobe, maana mwalimu alikuwa amechoka kueleza. "Bibi Ollerenshaw. Ana fomu moja hajairudisha. Wiki ya tano hii."

"Mmekwenda kumuuliza ana shida gani?"

Kilima chote kikavuta pumzi. Mmoja wa mapacha akajifunika uso na mto wa kochi.

"Hatuzungumzi naye," alisema kobe kwa sauti ya chini. "Wakili wetu anamwandikia wakili wake."

Wiki tano, watu wazima, na nyumba yake inaonekana kutoka walipokaa. Nilishikwa na hasira, halafu nikashikwa na kicheko, halafu nikaanza kupanda. Nyuma yangu nikasikia sanduku la posta likitema barua moja baada ya nyingine, nazo zikinifuata kwa miguu yao mifupi: "Tunakushauri usizungumze." "Tunarejea ushauri wetu." "Tafadhali rejea barua iliyopita." Nikaziokota, nikazitia mfukoni, nikasema asanteni.

"Hodi!" niliita mlangoni kwa Bibi Ollerenshaw.

"Karibu," ulijibu mlango. Kuzungumza kwake hakukunishangaza. Kilichonishangaza ni kuzungumza kwa lafudhi ya Muheza.

Bibi Ollerenshaw amekaa katikati ya ngazi za ndani, amevaa koti na kofia, mkoba uko magotini, fomu iko juu ya mkoba. Ni bibi mdogo, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikaanza kama nilivyolelewa. Shikamoo. Marahaba. Habari za hapa? Za miguu? Za usingizi? Za baridi? Alijibu moja moja, na kila jibu bega lake likishuka kidogo.

"Hakuna mtu ameniuliza miguu tangu Machi," alisema.

"Fomu inasumbua nini, bibi?"

Akanionyesha. Ni ile fomu ya vitu: muuzaji anaandika anaacha nini na anachukua nini. Swichi, ameandika anaacha. Reli za mapazia, anaacha. Kengele ya mlango, anaacha. Balbu, anaacha zote, na moja ya akiba. Mstari wa mwisho mtupu, na karatasi pale imelowa imekauka, imelowa imekauka.

"Simama hapo," aliniambia. "Ngazi ya nne."

Nikakanyaga. *Kriii.*

Mimi ni fundi wa lifti. Sikio ndilo linalonilisha. Nasikia beringi inayokufa kutoka orofa ya tisa. Mlio ule ulianza chini, ukapanda, ukavunjika kidogo mwishoni kana kwamba unauliza jambo.

"Huo ni Walter, marehemu mume wangu," alisema Bibi Ollerenshaw. "Kila asubuhi, miaka arobaini na mmoja, ananiletea chai kitandani. Nikisikia hiyo ngazi najua chai imefika. Sasa wanaohamia wataing'oa ngazi yote, wameniambia kwa adabu kabisa. Nikiandika *naacha*, itaishia jalalani. Nikiandika *nachukua*, ninakohamia ni nyumba ya chini, vyumba viwili, hakuna ngazi hata moja. Mlio bila ngazi utakaa wapi? Na fomu haina sehemu ya tatu."

Machozi yalinilenga. Saa ya ukutani ikanikumbusha kwa heshima kwamba ni saa tano na dakika ishirini.

"Bibi," nikasema, "nyumba ninayonunua ina ngazi kumi na tatu, na zote ni bubu. Nipe mimi. Nitautia kwenye ya nne. Wewe utakuja kuusikiliza, na chai ipo."

"Jumapili?"

"Hata Jumatano. Kwangu hakuna kupiga simu kwanza."

Akaandika: *Mlio, ngazi ya nne. Amechukua fundi.* Akasaini.

Nikatoa bisibisi, maana fundi wa lifti halali bila bisibisi. Nikalegeza skrubu moja, nikaubana mlio kati ya vidole viwili, ukatoka mzima. Ni mdogo, wa kijivu, una joto. Nikautia mfuko wa kifuani wa nguo ya kulalia, ukajikunja ukatulia.

"Haya, twende, bibi."

Hakunyanyuka. "Natokaje?" aliuliza. "Dalali amesema niache ufunguo kwake tu, niondoke. Miaka arobaini na mmoja, halafu niondoke *tu*?"

Nikaelewa. Fomu ilikuwa nusu ya shida.

"Kwetu mtu hatoki hivyohivyo," nilimwambia. "Anasindikizwa. Mgeni wa chai ya saa moja tu tunamsindikiza mpaka njia panda, sembuse wewe."

Nikampa mkono. Tukatoka taratibu, yeye akiuaga ukuta, mlango, kijiti cha waridi, mimi nikibeba mkoba. Pale nje kobe akatuona. Kobe ni mtu wa heshima; aliona aibu kukaa wakati mzee anapita. Akasimama. Mwalimu akasimama kwa sababu ya kobe. "Tunampeleka Bibi Ollerenshaw kwake," niliwaambia, "halafu yeye na sisi tunampeleka mwalimu. Halafu mapacha. Halafu Gareth. Anayepelekwa leo anampeleka wa nyuma yake."

Na mnyororo ukatembea! Nilipiga kelele za furaha, siwafichi. Kilima kizima kinateremka, kinanda kinapiga chenyewe, mapacha wanacheka na watu waliokaa nyuma ya visogo vyao wiki tano bila kujua majina yao. Kila mlangoni tunasimama, tunaaga, tunasonga mbele. Barua za wakili zikatoka mfukoni mwangu, zikajiunga na msafara.

Saa sita kasoro dakika moja simu za mawakili wawili, wangu na wa Gareth, zikalia kwa pamoja. Mikataba miwili, mmoja wenye sahihi yangu na mmoja wenye ya Gareth, ikatoka pande mbili za barabara, ikakutana katikati, ikapeana mikono, kisha kila mmoja ukaenda nyumbani kwa mwenzake.

"Tayari," likasema sanduku la posta kwa mdomo wake, mara ya kwanza. "Sasa hakuna wa kukimbia."

Juu dirishani futi kamba ilijikunja, ikamkunja na Mnunuzi Mwingine ndani yake, ikaingia kwenye kikebe chake. Namba ishirini na saba ikanyoosha mgongo.

"Mimi ni wako," iliniambia. "Mapazia ni rangi gani?"

"Zambarau. Yana marinda."

Nyumba ikafikiri. "Tutazoea," ikasema. "Ufunguo ni siku ya kuhama. Usiwe na pupa."

Nikarukaruka pale barabarani. Mfukoni mlio ukashtuka, ukaanza kutambaa kuelekea shingoni. Nikauwahi kwa mkono, ukaniponyoka, ukaanguka chini.

"Hiza! Hiza, simu!"

Tunu ananitikisa. Ni asubuhi, saa tatu na dakika tano, na simu inalia juu ya mto. Alikuwa Bi Pritchard mwenyewe, kwa sauti yake ya kila siku.

"Habari njema," alisema. "Ile fomu ya muuzaji wa juu kabisa wa mnyororo imefika kwa wakili wake leo, kwa posta. Ilitumwa juzi. Imejazwa mistari yote. Bwana Gareth amethibitisha hatamuuzia mwingine. Tunabadilishana mikataba kabla ya saa sita."

"Mstari wa mwisho ameandika nini?" nikauliza.

"Samahani, hiyo haiji kwetu. Kwa nini?"

Nilitupa shuka, nikaruka kutoka kitandani na miguu yote miwili.

*Kriii.*

Chumba chetu kiko chini kabisa, sakafu ni saruji, na juu yake zulia jembamba. Miaka sita tumeikanyaga haijawahi kutoa sauti. Tunu akaja, akaweka kidole cha mguu pale nilipokuwa, akabonyeza. Ulianza chini, ukapanda, ukavunjika kidogo mwishoni.

"Saruji inalia?" alininong'oneza.

"Inua mguu taratibu," nikamwambia, nikipiga magoti kuvuta mapazia ya shangazi kutoka chini ya kitanda ili nipate cha kuufungia. "Huo tunahama nao. Na ununue biskuti, mke wangu, tutakuwa na mgeni wa Jumapili."