Menifoldi Iliyopotea Njia

Mwaka 1996 pikapu ya Duale ilikuwa imebakiza kipande kimoja tu ikamilike. Ilikuwa Ford ya mwaka 1940, haina boneti wala madigadi, kama zile ambazo vijana wa Marekani ya zamani walizikatakata ili zikimbie. Maonyesho ya magari ya kale Nairobi yalitaka kila kipande kiwe cha enzi yake. Menifoldi aliyokuwa nayo, chuma kile cha juu ya injini kinachobeba kabureta, ilikuwa na tundu la kujazia oili mbele. Hiyo ni ya 1949 na kuendelea. Duale alijua, na mkaguzi angejua.

Liban, dereva wa lori, akamwambia ameona nyingine Balambala, kwa mama mmoja aitwaye Amino.

"Ina midomo miwili," alisema.

"Mbele ina nini?"

"Kamba. Ameifunga kwenye nguzo ya zizi."

Wakaenda. Amino aliwakaribisha chai, akasikiliza, akakataa.

"Siuzi. Si yangu. Niliikuta ukingoni mwa Tana maji yalipopungua. Ni baadi."

Baadi ni mnyama aliyepotea akaingia zizi la mtu mwingine. Hutunzwa mpaka mwenyewe aje, naye hutaja alama zake kabla ya kuonyeshwa.

"Hata chuma, Eeddo?" Duale aliuliza. Hivyo ndivyo Wasomali humwita shangazi, awe wa damu au wa heshima.

"Kwani chuma hakina mwenyewe? Taja."

Duale alikuwa hajaiona. Akataja anachokijua. "Ni alumini. Midomo miwili ya kabureta, kila mmoja una boliti tatu."

Amino akaenda nyuma ya nyumba, akafunua gunia, akarudi. "Endelea."

"Mbele hakuna tundu la oili. Pana kikalio cha jenereta."

Akaenda tena. Goti lilikuwa likimsumbua, akakawia. "Endelea."

Duale akaweka kikombe chini. Ilikuwa ndiyo yenyewe.

"Katikati pana jina la kiwanda, herufi zimejitokeza."

Safari hii Amino hakuinuka. "Hizo zote ni za ukoo wake. Kila ngamia ana shingo. Mimi nataka chapa ya mwenyewe."

Nyuma ya Amino, Liban aliuegemea mlango wa lori lake, akachora kwa kidole kwenye vumbi: mwezi mchanga na vitone viwili. Duale aliutazama mchoro ule kitambo.

"Chapa siijui, Eeddo."

Liban akaufuta kwa mkono wa shati. "Nawe una kichwa kigumu," alinong'ona.

"Basi si yako," Amino akasema.

"Si yangu."

Amino akammiminia chai nyingine. "Mimi siwezi tena kwenda visimani kuitangaza. Wewe una gari?"

"Nina gari lisilo na menifoldi yake."

"Ifunge humo. Baadi hukamuliwa na anayeilisha. Lakini utaitangaza kila unapofika. Nairobi kuna watu?"

"Wengi."

"Itangaze na huko."

Akaitangaza Masalani, akaitangaza Garissa, injini wazi, chapa imefunikwa kwa kitambaa kilichofungwa kwa waya. Hakuna aliyeitaja.

Kwenye maonyesho mkaguzi alitaka kitambaa kiondolewe. Duale akamwomba kwanza aape kuwa kitu hicho si chake. Mkaguzi alimtazama, akaapa, akakagua, akaandika kuwa ni cha enzi yake.

"Mmiliki?"

"Gari ni langu. Hiyo ya juu namtafuta mwenyewe."

Mkaguzi akaandika hivyo.

Alasiri mzee mmoja mwenye kofia alisimama mbele ya injini muda mrefu, akainama, akainuka, akainama tena. Duale akarudisha kitambaa vizuri. Ilimbidi aulize, huku akiomba kimoyomoyo ajibiwe vibaya.

"Mzee, unaijua chapa yake?"

"Hapana," alisema mzee. "Nimeangusha miwani."

Duale akapiga magoti, akaitafuta kwa furaha kubwa.