Mazoezi ya Kujibu Daktari

Daktari wa zahanati alimuuliza Fundi, "Habari yako?" naye akajibu, "Nzuri." Basi! Akapewa dawa ya kichwa, akarudi nyumbani. Watu wengine bwana! Mtu hali wala halali, amemkatia mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto, halafu eti nzuri.

Kesho ilikuwa miadi yake ya kwanza na daktari wa magonjwa ya akili, na huko mgonjwa huingia peke yake. Akijibu vile tena, atarudishwa tena, na mkewe ameshasema amechoka kuishi na kivuli. Ndiyo maana dada yake mkubwa alimfuata kibandani, akavuta kiti mbele ya cherehani.

"Tufanye mazoezi. Mimi ndiye daktari. Habari za siku?"

"Nzuri."

"We! Nzuri za wapi?"

"Si ndivyo mtu anavyojibu?"

"Hilo ni jibu la mlangoni. Haya, unaendeleaje?"

"Tunashukuru."

"Mnashukuru wewe na nani? Na cherehani?"

Zamani angecheka mpaka chaki imdondoke. Sasa aliona tu kwamba dada anataka acheke, na kwamba ndani mwake hakuna kilichosogea. Wakarudia. Mara "salama," mara "hivyo hivyo tu," mpaka dada akaishiwa pumzi.

"Basi tubadilishane. Wewe uwe daktari, mimi niwe wewe."

"Habari yako," Fundi akauliza, macho kwenye kitambaa.

"Mbaya, daktari. Kula sili, kulala silali. Juzi binti yangu alianguka hapo mlangoni, damu inamtoka puani, ananiita baba, baba. Nami nipo hapa hapa, napiga pasi. Sikwenda." Dada akajikaza, akamalizia, "Lakini nampenda mwanangu. Moyo uliniuma sana."

Fundi akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya pale mteja anapomtajia kipimo kisicho chake.

"Hapo umekosea, dada. Haukuniuma."

Dada akaziba mdomo kwa kiganja.

"Haukuniuma hata kidogo. Niliiona damu, nikamaliza kola."

Dada alitamani kumkumbatia, akaogopa kumkatisha. Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke.

"Hivyo hivyo, mdogo wangu," akasema. "Mwambie hivyo hivyo."