Kasoro Kwanza, Sifa Baadaye

Watu wengine hutazama filamu. Mimi huifumua mishono. Sijisifu, ndivyo nilivyoumbwa, na ndiyo maana shemeji yangu alinipachika jina la Mkasi. Jina likaniganda hadi wateja nao wananiita hivyo mchana kweupe. Sikasiriki. Mkasi butu nani anauhitaji?

Tuko watatu. Shemeji ni kinyozi, mdogo wa marehemu mume wangu, mtu wa maneno mengi kuliko nywele anazonyoa. Wa pili ni dada yangu mkubwa, muuguzi, miaka thelathini wodini. Wa tatu ni mimi, fundi cherehani. Kila Jumamosi mchana tunafunga kazi, tunavuka barabara na kuingia ukumbi wa sinema unaotazamana na duka langu, ambalo nyuma yake ndipo ninapoishi. Picha ikiisha tunarudi dukani, tunajibanza kati ya meza ya kukatia na rundo la sare za shule, kisha tunaichambua kama mchele.

Kanuni yetu ni kasoro kwanza, sifa baadaye. Sifa ikitangulia, kasoro huona haya kutoka. Na kila mtu huanza na kile anachokijua kwa mikono yake, siyo kwa kusikia. Mwishoni kila mmoja hutoa neno moja tu: "kazi" au "mchezo". Kazi ni pale mtu aliyeitengeneza alipojua anachofanya. Mchezo ni huo mwingine mnaoujua.

Wiki moja kabla ya haya ninayosimulia, tuliona picha ya mfungwa. Shemeji hakungoja hata kukaa.

"Jamaa kafungwa miaka saba," alisema, "anatoka gerezani kichwa kimechongwa pembeni utadhani kapita kwangu asubuhi! Nani kamnyoa? Askari jela?"

"Hiyo ndogo," dada akasema. "Yule bibi aliyekufa je? Kaongea weee, kagawa mashamba, kasamehe maadui wote, ndipo akakata roho. Mimi nimefumba macho ya watu wengi. Hakuna aliyewahi kunigawia hata kikombe."

Mimi nilikuwa na shati. Shati la yule mfungwa lilichanika bega la kulia kwenye ugomvi, na kesho yake likawa limepona lenyewe, bila uzi wala sindano. Wote watatu tukasema mchezo, tukaagana tumeridhika. Kusema kweli, picha mbovu hutupa raha kuliko nzuri.

Sasa nije kwa binti yangu. Ni mziwanda wangu, wa mwisho katika watoto wanne, na ndiye aliyenipa mvi. Nilimpeleka chuo cha uhasibu. Akasoma mwaka mmoja na nusu, siku moja akarudi na begi lake, akaniambia amepata watu wanaotengeneza filamu, naye anashughulika na sauti. Sauti! Nilipomwona kwa mara ya kwanza kwenye hiyo kazi yake, alikuwa amevaa hedifoni kubwa kama sahani, ameshika fimbo ndefu yenye manyoya mbele, utadhani paka amechomekwa kwenye ufagio. Nilisikia aibu mpaka kwenye nyayo. Niliona mtoto niliyemlea kwa sindano anabeba waya za watu.

Basi wateja walipoulizia habari zake nilikuwa najibu, "Yuko masomoni." Nilisema hivyo mwaka mzima. Yeye hakujua.

Dada akaona nateseka, akamtafutia nafasi katika ofisi ya kumbukumbu pale hospitalini kwake. Dawati, kiti, kivuli, mshahara wa mwisho wa mwezi. Aanze Jumatatu saa mbili. Nilipomwambia, mziwanda hakubisha wala hakulia. Alinitazama tu, akasema:

"Mama, picha yetu inaanza kuonyeshwa Jumamosi hapo ng'ambo. Nendeni mkaitazame kama mnavyotazama za watu wengine. Usiwaambie wenzako kuwa nimo. Ukitoka hapo ukasema ni mchezo, Jumatatu nitakuwa kwenye dawati la mama mkubwa kabla ya saa mbili. Ukisema ni kazi, uniache."

"Mimi sipendelei mtu," nikamwambia.

"Najua. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Nikakubali. Nilijua nikisema neno silirudishi, na yeye alijua.

Jumamosi ikafika. Nilikaa kati ya dada na shemeji, nimeuma meno. Ilikuwa picha ya mjane anayeshona shela la harusi la bintiye. Binti anaolewa mbali, na wawili hao wamenuniana, hakuna anayemsemesha mwenzake. Mama anashona alfajiri, anakohoa, anaficha ugonjwa wake. Binti yuko chumba cha pili amelala macho wazi. Maneno yalikuwa machache mno. Zilikuwepo sauti tu: mkasi ukipita kwenye kitambaa kizito, maji yakichemka, mlango, kile kikohozi, na cherehani. Ukumbi mzima ulinyamaza. Hata wale wanaokula bisi waliacha.

Tukarudi dukani. Mziwanda alikuwepo, anapiga pasi sare za shule kwenye kona, kama kawaida yake Jumamosi asipokuwa na fimbo yake. Aliamkia, akaendelea kupiga pasi. Mimi tu ndiye niliyejua kwa nini anairudia kola moja mara nne.

Shemeji akaanza. "Kasoro: bwana harusi. Ndevu zile ni za kubandikwa, gundi inaonekana hapa chini ya sikio. Basi. Sina nyingine." Akajikuna kichwa. "Sifa sasa. Jamani, ule mkasi! Ulipokata lile shela nilihisi unapita shingoni kwangu. Mimi mkasi nimeushika tangu kijana, naujua ukilia. Ule ulikuwa mkasi wa kweli. Nasema kazi."

Sikumtazama mziwanda.

Dada akavua miwani, ishara kwamba anazungumza kama muuguzi. "Kasoro: yule mama hakupimwa. Kakohoa miezi mitatu, hakuna hata jirani wa kumkokota zahanati. Watu wa picha hawapendi zahanati, sijui tumewakosea nini. Sifa ni kikohozi chenyewe. Wanaoigiza hukohoa kwa mdomo. Kile kimetoka chini kabisa kifuani. Pafu la kushoto, nawaambia, limejaa maji. Aliyekohoa vile ni mgonjwa wa kweli na apelekwe hospitali kesho. Kazi."

Hapo kichwa kilinivimba, sifichi. Watu wawili wagumu kuliko wote ninaowajua wamesimamia sauti, na sauti ni za mwanangu. Nilitamani kupiga vigelegele. Lakini nilikuwa nimeahidi kutopendelea, na mimi ni Mkasi. Tena kulikuwa na kitu kilichonikera tangu katikati ya picha, kitu cha kazi yangu mwenyewe. Ningekimeza ningekuwa mwongo.

"Kasoro ni cherehani," nikasema. "Mmeisikia? Inakwenda vizuri, ta-ta-ta-ta, mara inasita, inaruka, halafu inakimbilia kama mtu aliyevaa kiatu kimoja anayewahi gari. Mkanda umelegea. Na kikanyagio kinalia kwa chini, kii, kii, kwa kukosa mafuta. Fundi gani anashona shela la mwanawe kwa cherehani ya namna ile? Mimi nisingempa mtu yule hata pindo la pazia. Aliyeiweka sauti ile hajawahi kukaa karibu na fundi anayejiheshimu."

Nilipomaliza nikawatazama. Shemeji ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamcheza. Dada anaangalia dari. Na mziwanda ameisimamisha pasi.

"Mna nini?" nikauliza.

"Shemeji," kinyozi akasema, "mimi nakuheshimu sana, kwa hiyo sitamtaja nyani, wala sitasema haoni nini."

"Mama," mziwanda akasema, "hebu toka nje kidogo. Simama barazani, uupe mlango mgongo."

"Nifanye nini barazani?"

"Simama tu."

Nilitoka kwa hasira, kwa kuwa sipendi kuamrishwa kwenye duka langu. Nikasimama naangalia barabara. Nyuma yangu nikasikia kiti kikivutwa, kisha cherehani ikaanza. Ta-ta-ta-ta. Ikasita. Ikaruka. Ikakimbilia. Na chini yake kii, kii.

Nilishika nguzo ya baraza.

Miaka kumi na tisa nimeikalia cherehani ile. Nimeisikia kwa miguu na kwa vidole, nikiwa nimeinamia kitambaa, akili yote kwenye mshono. Mguu wangu umejua pa kungoja na mkono umejua pa kuvuta, hata sijui kama vinafanya hivyo. Kazi yangu haina dosari, ulizeni mji mzima. Lakini sikuwahi hata siku moja kusimama nje nikaisikia kama anavyoisikia mtoto aliyelala chumba cha nyuma.

Niliporudi ndani, mziwanda alikuwa bado kwenye kiti changu.

"Niliinasa mwezi ule uliposhona sare mia mbili," alisema. "Ulikuwa unaamka saa kumi alfajiri. Niliweka kinasa sauti chini ya meza. Nilizunguka kwa mafundi saba kabla ya hapo, mama, wote cherehani zao nzima. Mwongozaji akasema zinafaa. Mimi nikakataa. Nilimwambia ile nyumba haina mtu wa kutengeneza mkanda, na mwenye nyumba hana nafasi ya kuumwa, sembuse ya kukaza parafujo. Akanielewa. Na mkasi ni huo hapo mezani."

"Na kikohozi?" dada akadakia. "Mgonjwa ni nani? Nitajie."

Mziwanda akamtazama kinyozi. Kinyozi akatazama viatu vyake.

"Ni baba mdogo," mziwanda akasema. "Alipaliwa na karanga."

Nimeona dada yangu akikabili ajali, moto na waganga wakuu, lakini sijawahi kumwona akibabaika kama siku ile. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Shemeji alicheka hadi akakaa juu ya sare.

"Maji kwenye pafu!" alikuwa anasema. "La kushoto! Karanga ya kushoto!"

"Kumbe ulijua picha ni ya huyu mtoto?" dada akamgeukia.

"Nilijua nilikohoa kwenye kifaa chake. Sikujua kimeishia wapi mpaka leo nilipojisikia nakufa pale mbele."

Ndipo ikabidi dada aelezwe habari ya mapatano yetu. Akanuna. "Mnaniambia kuwa nimempigia magoti mkuu wa idara, nimeahidi mtu, halafu dawati langu linapigiwa kura kwenye sinema?"

"Mama mkubwa, nisamehe," mziwanda akasema, kisha akanigeukia. Alikuwa ameinuka, mikono ameificha nyuma kama mtoto wa shule. "Bado hujatoa neno lako, mama. Umetoa kasoro tu."

Mnadhani ni rahisi. Nilikuwa nimesema mbele ya watu kwamba fundi mwenye cherehani ile hajiheshimu. Nikisema kazi, nimejihukumu. Nikisema mchezo, nimemdhulumu mtoto aliyenisikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kujisikiliza.

Kabla sijajibu, mlango ukasukumwa. Aliingia mteja wangu mmoja, mama wa makamo, mtu wa kujipenda. Nguo zake zote kwa miaka minane nazishona mimi, na ameniletea nusu ya wateja nilio nao. Alikuja kuchukua gauni lake la kijani. Akasalimia huku na huku, na macho yake yakamwangukia mziwanda.

"Ooh, mwanafunzi wetu yuko likizo! Haya, mwanangu, masomo yanasemaje? Mama yako hachoki kutuambia uko chuoni."

Mziwanda alinitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Nilimwona anahesabu mwaka mzima nyuma, siku moja moja, na kila siku ananikuta nimesimama palepale nikimwonea haya. Shemeji akaacha kucheka. Dada, ambaye dakika moja nyuma alikuwa amenuna, akaweka mkono begani kwa mtoto.

Mimi nina hasira za karibu. Siku ile nilijikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ilinisaidia. Nilitungua gauni la kijani, nikalikunja, nikaliweka kwenye mfuko, nikamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili.

"Hasomi," nikasema. "Aliacha mwaka jana, na mimi nilikudanganya. Anafanya kazi. Kazi, nimesema." Nililirudia huku namtazama mwanangu, ili asije akadhani limeniponyoka. "Ile picha ya mjane inayoonyeshwa hapo ng'ambo, sauti zote unazosikia mle ni zake. Nenda leo hii ukaisikilize. Uifunge midomo ya watakaokaa karibu nawe."

"Makubwa!" mteja akasema, akimtazama mziwanda toka juu hadi chini kama anayempima nguo mpya. "Sasa mimi nisiyejua mambo hayo nitazitambuaje?"

"Utaitambua cherehani," nikamjibu. "Ni mbovu, inachechemea, mkanda wake umelegea miaka na miaka. Hiyo ni yangu."